Pakiti zinapoyumba: jibu kwa msagaji wa Nakuru

Swali: Mhandisi, nakusalimu kutoka Nakuru. Mimi na kaka yangu tunasaga unga wa mahindi, tunaupakia katika pakiti za karatasi za kilo 2 na kuuza katika maduka ya hapa mjini na mengine ya Kisumu. Tangu mwaka huu uanze, duka moja la Kisumu limeturudishia marobota mara tatu likisema kwamba baadhi ya pakiti hazifiki kilo 2. Tumemweka msichana mwishoni mwa laini apime kila pakiti na kuiongezea unga iliyopungua, na fundi wa mashine ya kupakia hurekebisha kipimo kila anapoambiwa kwamba pakiti imepungua. Hata hivyo malalamiko hayajaisha, na tunatumia unga mwingi kuliko ule tunaolipwa. Muuzaji mmoja wa mashine anatushauri tununue mizani inayopima pakiti zikipita kwenye mkanda na kuzisukuma nje zilizopungua, na anatuhakikishia kwamba hatutaona kasoro tena. Je, tununue?

Jibu: Dada, nakushukuru kwa kulieleza jambo lenu kwa ukamilifu, maana sehemu kubwa ya jibu imo katika maelezo yako mwenyewe. Msinunue mashine hiyo kwa sasa. Mizani ya mkandani ni chombo kizuri katika kiwanda ambacho upakiaji wake umekwisha kutulia, lakini kwenu ingefanya kazi ileile anayoifanya msichana, kwa kasi zaidi na kwa gharama kubwa zaidi: ingezitenga pakiti baada ya kupungua, huku kile kinachozipunguza kikiendelea bila kuguswa. Na katika barua yako kilichonishtua zaidi ni kazi ya fundi. Naamini anajituma kwa moyo wote, lakini mkono wake huenda ndio unaowaletea sehemu kubwa ya hasara.

Hakuna mashine inayoweza kujaza pakiti mbili zikalingana kabisa. Unga una hewa ndani yake, chembe zake hazilingani, na skrubu inayousukuma haitoi kiasi kilekile hadi gramu ya mwisho. Tuseme mashine yenu, ikiachwa bila kuguswa, hujaza wastani wa gramu 2,006, na pakiti mojamoja huyumba kuuzunguka wastani huo kwa mchepuko sanifu wa gramu 6. Maana yake ni kwamba takriban thuluthi mbili za pakiti zitakuwa kati ya gramu 2,000 na 2,012, na karibu zote zitakuwa kati ya 1,988 na 2,024. Katika hali hiyo pakiti kama 16 kati ya kila 100 zitakuwa chini ya gramu 2,000 bila chochote kuharibika, na kama hazikuongezewa unga, karibu marobota tisa kati ya kila kumi ya pakiti 12 yatakuwa na angalau pakiti moja iliyopungua. Sasa pakiti ya gramu 1,994 inatokea. Fundi anaambiwa, naye anaongeza gramu 12. Mashine iliyokuwa ikilenga 2,006 sasa inalenga 2,018, na pakiti chache baadaye inatoka moja ya 2,025. Kaka yako anaona unga unavyokwenda, analalamika, na fundi anapunguza. Siku nzima inapita hivyo. Ukisahihisha mashine baada ya kila pakiti kwa kiasi kilekile cha kosa la pakiti hiyo, kuyumba hakupungui. Hesabu inaonyesha kwamba mchepuko wa gramu 6 unapanda hadi takriban gramu 8.5. Fundi wenu harekebishi baada ya kila pakiti, kwa hiyo madhara yake huenda ni madogo kuliko hayo, lakini mwelekeo ni huohuo.

W. Edwards Deming, Mmarekani aliyekwenda kuwafundisha wahandisi wa Japani mwaka 1950, alikuwa akilionyesha jambo hili kwa faneli na gololi. Gololi iliangushwa kupitia faneli juu ya alama iliyochorwa mezani, na kila faneli iliposogezwa ili kufidia kosa la gololi iliyotangulia, gololi zilitawanyika zaidi kuliko pale faneli ilipoachwa mahali pake. Nimelirudia jaribio hilo mara nyingi mbele ya mafundi, na sijaona njia nyingine inayomfanya mtu aondoe mkono kwenye kitufe kwa hiari yake.

Basi fundi aguse mashine lini? Swali hili ndilo lililomshughulisha Walter Shewhart, aliyekuwa akifanya kazi katika kiwanda cha Western Electric karibu na Chicago, mahali palipotengenezwa vifaa vya simu. Tarehe 16 Mei 1924 alimwandikia mkubwa wake barua fupi isiyozidi ukurasa mmoja, yenye mchoro wa kile tunachokiita leo chati ya udhibiti. Wazo lake ni kwamba kuyumba kuna aina mbili. Kuna kule kunakozaliwa na mfumo mzima jinsi ulivyo, yaani mashine, unga, mizani na watu kwa pamoja, ambako hakuna sababu moja ya kuifukuzia. Na kuna kule kunakoletwa na jambo mahususi lililoingia leo na ambalo jana halikuwapo, kama skrubu iliyoziba, gunia la mahindi mabichi au mfanyakazi ambaye hakuelekezwa. Aina ya kwanza hupunguzwa kwa kuubadilisha mfumo wenyewe. Aina ya pili hutafutwa palepale na kuondolewa. Anayezichanganya aina hizi hupoteza njia zote mbili, na ninyi kwa sasa mnazichanganya kila siku.

Chati yenyewe haihitaji kompyuta. Inahitaji karatasi ya miraba, penseli na mizani inayoaminika, na hapo kwenye mizani ndipo mtakapoanzia. Pimeni jiwe la kilo 2 lililokaguliwa na watu wa mizani na vipimo, asubuhi kabla ya kazi na tena mchana. Kisha chukueni pakiti moja iliyofungwa, waiweke mizanini mara kumi watu wawili tofauti, kila mmoja akiandika bila kuona ya mwenzake. Namba zikitofautiana kwa gramu kadhaa, mizani hiyo haiwezi kuwaambia lolote kuhusu mashine inayoyumba kwa gramu 6. Hakikisheni pia kwamba mnaondoa uzito wa karatasi tupu, na kwamba feni au mtikisiko wa kinu hauifikii meza ya kupimia.

Kisha kila nusu saa mchukue pakiti tano mfululizo kutoka kinywani mwa mashine, kabla ya msichana kuziongezea chochote, na mziandike kwa mpangilio wa kutoka kwake. Kwa kila kundi la pakiti tano andikeni namba mbili: wastani wake, na pengo kati ya pakiti nzito kuliko zote na nyepesi kuliko zote. Fanyeni hivyo hadi mpate makundi 25, na katika muda huo wote fundi asiguse kipimo. Najua hili litawatia wasiwasi, kwa hiyo msichana aendelee kupima na kuongezea kama kawaida ili mteja asiumie. Mnachokitafuta ninyi ni sauti ya mashine yenyewe.

Tuseme wastani wa makundi yote 25 umekuwa gramu 2,006 na wastani wa mapengo gramu 14. Kwa makundi ya vipande vitano, zidisheni wastani wa mapengo kwa 0.577, mtapata takriban gramu 8. Mpaka wa juu wa wastani ni 2,014 na wa chini ni 1,998. Zidisheni 14 kwa 2.114 mpate mpaka wa juu wa mapengo, ambao ni gramu 29.6. Mkigawanya 14 kwa 2.326 mtapata gramu 6, ambao ndio mchepuko wa pakiti mojamoja niliouzungumzia hapo juu. Namba hizo tatu zimo katika majedwali ya udhibiti wa ubora kote duniani, na hubadilika mkibadilisha idadi ya pakiti katika kundi, kwa hiyo msichukue nne leo na sita kesho. Choreni mistari hiyo pamoja na mstari wa kati wa wastani, wekeni nukta kwa wastani na kwa pengo la kila kundi, na bandikeni karatasi kando ya mashine, mahali fundi anapoitazama akiwa kazini.

Tangu siku hiyo sheria ya fundi ni nyepesi kuikumbuka. Nukta ikiwa ndani ya mipaka, asiguse. Ikitoka nje, asimamishe mashine na kutafuta kilichobadilika kabla ya kugeuza kipimo chochote. Nukta nane mfululizo zikikaa upande mmoja wa mstari wa kati, hata kama zote zimo ndani ya mipaka, wastani umehama na lazima sababu itafutwe. Kuhusu mapengo, yatazameni kwanza kabla ya wastani, kwa sababu pengo likitanuka ghafla mipaka ya wastani haina maana tena. Mkikuta katika zile 25 za mwanzo kuna nukta zilizotoka nje, msifurahie kuzifuta. Tafuteni sababu, iondoeni, kisha mhesabu upya. Mipaka hii hutoka katika mashine yenyewe. Msikubali mtu achore mahali pake kile ambacho duka linakitaka, kwa kuwa mashine haijui duka linataka nini.

Sasa nije mahali ambapo kwa uzoefu wangu sababu hupatikana. Miaka kadhaa iliyopita niliitwa katika kinu kimoja cha huku magharibi, ambacho sitakitaja, kilichokuwa na tatizo linalofanana na lenu kwa karibu. Mashine yao, kama nyingi za ukubwa huo, ilikuwa ikipima kwa ujazo: skrubu inazunguka mizunguko fulani na kumwaga kile ilichobeba. Tulipochora wastani kwa saa, mstari ulishuka taratibu, ukaruka juu, ukashuka tena, mara nne kwa siku. Nilisimama pale tangu asubuhi, na ilipokaribia saa tano mfanyakazi akapanda ngazi na magunia, akalijaza hopa, yaani chombo cha juu kinachoishushia skrubu unga, hadi mdomoni. Nukta iliyofuata iliruka. Hopa likiwa limejaa, uzito wa unga wa juu huubana ule wa chini, kwa hiyo skrubu ileile katika mzunguko uleule hubeba gramu nyingi zaidi. Hopa likikaribia kuisha, unga wa chini ni mlegevu na pakiti zinapungua. Fundi wao alikuwa akigeuza kipimo juu na chini kulifuata hopa bila kujua. Dawa ilikuwa alama mbili za rangi kwenye kioo cha hopa na maagizo ya kuongeza unga kidogokidogo, usishuke chini ya alama moja wala usipande juu ya nyingine. Hawakununua kitu chochote. Ninawaomba mwanze hapo, na karibu na chati muwe na safu ya kuandika kila tukio: hopa limejazwa, gunia jipya limeanza, zamu imebadilika, umeme umeshuka. Kama skrubu yenu huzunguka kwa muda uliopangwa badala ya idadi ya mizunguko, kushuka kwa umeme pekee kunatosha kupunguza pakiti. Chati isiyo na safu hiyo ni picha bila maelezo.

Kuna jambo la pili ambalo nalishuku kwa nguvu katika kisa chenu, kwa sababu marobota yaliyorudi yalipimwa na msichana yakiwa yanatoka na bado duka liliyakuta yamepungua. Unga hukauka. Pakiti ya karatasi haizuii mvuke, na unga unaotoka kinuni bado una joto la kusagwa. Kiwango cha Afrika Mashariki kinaruhusu unga wa mahindi kuwa na unyevu usiozidi asilimia 14. Mkiupakia katika kiwango hicho gramu 2,000 kamili, ndani yake mna gramu 1,720 za unga mkavu na 280 za maji. Unyevu ukishuka hadi asilimia 12.5 ukiwa rafuni, gramu zile 1,720 hazibadiliki, lakini pakiti nzima sasa ina takriban gramu 1,966. Gramu 34 zimekwenda hewani, na hakuna mtu aliyewaibia wala aliyeiba. Jaribuni wenyewe: wekeni pakiti kumi kwenye rafu, pimeni kila siku kwa wiki tatu, na muwaombe wenye duka la Kisumu wafanye vilevile na pakiti kumi nyingine. Kama uzito unashuka hivyo, kazi yenu iko kabla ya mashine ya kupakia: kupima unyevu wa mahindi yanapoingia, ambayo kwa kawaida hayapaswi kuzidi asilimia 13.5, na kuuacha unga upoe kabla ya kuupakia. Mahindi yanayoshuka kutoka Trans Nzoia na Uasin Gishu mwishoni mwa mwaka, mvua ikiwa haijakatika, ndiyo ya kuchungwa zaidi.

Hili la kupungua kwa kilo lina sura mbili, ya sheria na ya fedha. Kwa mapendekezo ya shirika la kimataifa linaloshughulikia vipimo vya kisheria, wastani wa fungu zima usiwe chini ya kilichoandikwa kwenye pakiti, na pakiti mojamoja ya gramu 2,000 inavumiliwa ikipungua hadi asilimia 1.5, yaani gramu 30. Mwombeni afisa wa mizani na vipimo wa kaunti awaonyeshe mipaka inayotumika kwa pakiti zenu. Lakini duka linalorudisha marobota halihesabu wastani. Linaweka pakiti moja mizanini na kutazama. Mkitaka karibu kila pakiti ifike gramu 2,000 ilhali mchepuko ni gramu 6, itabidi mlenge 2,018, na katika pakiti 10,000 mtatoa bure kilo 180 za unga. Mkiupunguza mchepuko hadi gramu 3, mtalenga 2,009 na kutoa kilo 90 tu. Tofauti hiyo ya kilo 90 ni pakiti 45 mnazoweza kuziuza, na ndiyo inayonifanya niseme kwamba kuyumba kupunguzwe kwanza, lengo lipangwe baadaye. Fundi akipandisha lengo leo ili kulituliza duka, atakuwa amenunua amani kwa unga wenu.

Mnapolishughulikia jambo la uzito, msije mkadhani kwamba chati hii inalinda kila kitu. Sumu ya kuvu, aflatoksini, haina uhusiano na mashine ya kupakia, na haionekani kwa macho katika unga. Kiwango chetu ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa jumla ya aflatoksini, na lazima isimamishwe getini. Hapa ninasisitiza jambo moja tu: punje zenye sumu hazikusambaa sawasawa, zinaweza kuwa katika magunia machache na pembe moja ya gunia, kwa hiyo anayechoma bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, katika gunia mbili zilizo mlangoni mwa lori hajapima lori hilo. Chomeni bambo magunia mengi, juu, kati na chini, changanyeni, kisha mpime. Kwa vipande vya chuma, sumaku isafishwe kila zamu na kilichonaswa kiandikwe, kwa kuwa sumaku iliyojaa ghafla inawaambia kwamba kuna kitu kinachosagika ndani ya kinu. Na kifaa cha kutia vitamini na madini, ambavyo sheria ya Kenya inavitaka katika unga wa pakiti tangu 2012, mkipe chati yake ndogo ya uzito wa mchanganyiko uliotumika kwa kila gunia.

Yapo makosa mengine ambayo hata chati haiyahitaji, kama kusahau kubadilisha tarehe kwenye mhuri. Hayo huzibwa kwa mpangilio unaomzuia mtu kukosea. Shigeo Shingo wa Japani alieleza wafanyakazi waliokuwa wakisahau kuweka springi ndogo ndani ya swichi. Hawakuhubiriwa, walipewa sahani, springi zinazohitajika zikatolewa kwanza na kuwekwa humo, na swichi ikifungwa huku springi imebaki sahanini, kila mtu anaona. Nanyi funguo ya mashine ya kupakia inaweza kuning'inizwa kwenye kibao cha tarehe ya leo, ili asiyebadilisha tarehe asiweze kuwasha.

Neno juu ya watu wenu. Nimeona viwanda vinavyokata mshahara kwa kila pakiti iliyopungua, na katika viwanda hivyo namba zote za daftari ni nzuri na pakiti zote ni mbaya. Msifanye hivyo. Msichana mwenye mizani anajua tayari ni saa ngapi pakiti hupungua, ila hakuna aliyemwuliza. Mpeni yeye penseli ya chati, na fundi awe ndiye anayeandika sababu. Msimwondoe msichana kwenye laini mpaka chati ikae mwezi mmoja bila nukta kutoka nje.

Mwezi huo ukipita, mwiteni tena yule muuzaji wa mizani ya mkandani. Mwambieni alete mashine yake Nakuru, ipime pakiti 50 zenu, hopa likiwa limejaa, kisha pakiti 50 nyingine hopa likiwa limebaki robo, na mziweke zote 100 kwenye mizani yenu mliyoikagua kwa jiwe. Atakapowapa bei, ilinganisheni na kilo za unga mtakazokuwa mmekwisha kuziokoa.